Chumba cha Mwanamume

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Adha ya jambo huijua aliyeliishi, si anayelitazama kwa nje. Binti mmoja, mpambaji wa nyumba aliyebobea, aliijua methali hiyo tangu shuleni, ila alikuwa hajauonja uchungu wake.

Baba yake alikuwa askari jela mstaafu, tena mgane. Chumba chake kilikuwa cha waridi kuanzia kuta hadi mapazia, na binti aliamini ni marehemu mama yake aliyemlazimisha.

"Mwanamume mzima analala ndani ya ua la waridi!" alizoea kulalama. Kwake yeye, rangi nyororo zilikuwa za kike. Za kiume ni kijivu cha saruji na weusi wa chuma.

Mzee alipokwenda kukaa kwa dada yake, binti akakunja mikono ya shati. Shangazi aliponusa mpango huo, alimpigia simu.

"Mwanangu, si umuulize kwanza mwenye chumba?"

"Shangazi, rangi ndiyo kazi yangu. Usiniharibie, nataka ashtuke."

Na kweli alishtuka. Siku aliyorudi, mzee alivuka kizingiti hatua moja tu, akaganda kama sanamu. Macho yalitambaa kwenye kuta za kijivu, yakatua juu ya kitanda cheusi cha chuma. Jasho lilimtiririka. Akaung'ang'ania mwimo wa mlango kama mtu anayesukumwa ndani kwa nguvu.

"Baba, hujapenda?"

"Mlango huu," mzee alisema hatimaye, "usiufunge."

Akaokota begi lake, akageuka kutoka. Binti akamkimbilia, akamkinga njia barazani. "Baba, niambie basi nimekosa nini!"

"Ujana wangu wote nimetembea kati ya kuta kama hizo, nikiwafungia watu milango. Wengine walilia hadi alfajiri. Nilipostaafu, mama yako alitaka kijivu, eti hakionyeshi uchafu. Waridi niliichagua mimi. Niliipaka kwa mikono hii, ili nikifumbua macho nijue niko nyumbani."

"Nisamehe, baba. Nilidhani nakurudishia uanaume wako."

"Nani alikwambia uanaume uliniponyoka?"

Mzee alilala sebuleni, taa ikiwaka. Asubuhi binti alimwomba achanganye rangi mwenyewe, naye akashika rola. Kijivu kilikuwa kikaidi. Kilichungulia chini ya mkono wa kwanza wa rangi ya waridi, wakalazimika kurudia, bega kwa bega, bila maneno mengi. Hapo ndipo binti alipokiri moyoni kwamba, naam, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.