Siti Raihani na Jini wa Tandiko Kuukuu

Anayetaka maji akanywe sasa, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Katika mji wa Sharuma alitawala Sultani Mundhiri bin Naufali, na Sultani huyo alipenda farasi kuliko dhahabu, na watu wake wakampima mtu kwa namna anavyokaa juu ya tandiko, hata posa zilivunjika kwa sababu bwana harusi kashika hatamu vibaya.

Naye alikuwa na binti, Siti Raihani, na binti huyo alikuwa na farasi jike jina lake Yakuti. Mama wa Yakuti alikufa siku ya kuzaa, na Raihani ndiye aliyemnywesha yule mtoto maziwa ya ngamia kwa kitambaa, tone kwa tone, mpaka akasimama.

Lakini palikuwa na Jokha, binti wa ami yake, mwenye farasi dume mweusi aitwaye Radi. Jokha akiingia uwanjani, Radi huzunguka laini kama maji ndani ya bakuli, na akifika kwenye kiunzi huruka kana kwamba ardhi imemchosha. Akija Raihani, Yakuti huenda shingo imekakamaa kama mchi, na akikaribia kiunzi hupinda pembeni, akampeleka bibi yake moja kwa moja hadi miguuni pa Jokha.

"Ndugu yangu, farasi wako anapenda kututembelea," Jokha humwambia. "Leo tumpikie nini?"

Raihani hucheka pamoja na wenzake, kisha akifika chumbani huung'ata mto. Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki, na Jokha akishona joho jipya yeye huumwa kichwa, na Jokha akiumwa kichwa yeye hula akashiba.

Hata siku moja Sultani akamwita, akasema, "Mwanangu, Yakuti ana damu njema nawe unamharibu. Siku ya Idi utampanda mbele ya watu, umzungushe uwanja na umrushe viunzi vitatu. Ukishindwa, nitampa Jokha, naye atajua la kumfanya."

"Baba, heri unikate mkono."

"Mkono wako hauruki viunzi," akasema Sultani, na akaagiza kahawa yake, ndiyo kusema maneno yamekwisha.

Raihani akakimbilia ghala la matandiko ya kale, akalia mpaka ushungi ukalowa, na kwa hasira akalipiga teke tandiko moja lililochakaa. Kikuku chake, kile cha kutia mguu, kikalia kama kengele, na moshi ukatoka, na ndani ya moshi akatoka jini mwenye ndevu za kijani na miguu iliyopinda kwa kupanda farasi.

"Hodi gani hii ya teke?" akauliza. "Mimi ni Tarmusi, mtumwa wa kikuku. Amuru, ewe mwana wa masultani."

"Nenda ukamvunje mguu Radi."

Jini akainamisha kichwa. "Siti yangu, kazi kama hiyo niliifanyia bwana mmoja mwenye husuda, na ndiyo iliyonifungisha humu. Kumdhuru mnyama sina idhini tena. Kufundisha nitafundisha."

"Jini gani wewe, wa kufundisha?"

"Jini aliyekwisha kuona haya."

Basi kila alfajiri wakatoka nyuma ya ngome, na Tarmusi akamfundisha kuzungusha duara kubwa, kisha dogo, kulia na kushoto, na kusimama, na kuondoka tena bila kuvuta mdomo wa farasi. "Legeza mikono," humwambia. "Umeshika hatamu, hukushika mwizi." Shingo ya Yakuti ikalainika, na miti iliyolazwa chini akaivuka vizuri. Lakini ikiinuliwa kuwa kiunzi, Yakuti hupinda vilevile kuelekea ukuta wa banda la Jokha.

"Jokha amemroga," akasema Raihani. "Nakuamuru, mpe ulimi aseme nani amemroga."

Tarmusi akampulizia Yakuti puani, akasema, "Atasema mpaka atakapokunywa maji. Muulize."

"Yakuti, kwa nini wavikimbia viunzi?"

"Bibi, mimi huenda unakotazama," akajibu farasi, na sauti yake ilikuwa ya mtu mpole aliyechoka. "Kila tukikaribia kiunzi unageuza macho kwa Jokha, na mwili wako wote unageuka, nami nadhani huko ndiko tunakokwenda. Mwaka mzima nakubeba wewe ukimtazama Radi. Unadhani mimi sioni wivu? Hata shayiri hainipiti kooni."

Raihani akaliweka shavu lake shingoni mwa Yakuti, wakakaa hivyo, mpaka farasi akaenda kunywa maji na usemi ukamwishia.

Siku ya Idi ikafika, na uwanja ukajaa, na Raihani akaingia wa kwanza. Akazungusha duara, laini. Alisikia kicheko cha Jokha upande wa kulia, na shingo ikamwasha kwa hamu ya kugeuka, lakini akatazama mbele, katikati ya masikio ya Yakuti, na Yakuti akaruka cha kwanza, na cha pili, na cha tatu, na vigelegele vikapanda mpaka kunguru wakahama.

Kisha akaingia Jokha, aonyeshe yeye ni nani. Radi akaruka viwili, na kufika cha tatu akapinda, akavuka uwanja, akasimama mbele ya Raihani akimpumulia kifuani. Watu wakaangua kicheko.

Raihani aliuonja utamu wa jambo lile, nawaambia kweli, ulikuwa utamu wa halua. Neno la kumrudishia lilikuwa limeshafika ulimini. Lakini alipoinua uso akaona jinsi Jokha anavyomtazama Yakuti, na macho yale aliyajua, alikuwa akiyaona kila asubuhi kwenye kioo chake.

"Yakuti ana nini cha kukutia wivu?" akamuuliza polepole.

"Ukimwita anakuja mbio na kukulalia begani," akasema Jokha. "Radi huja kwa shayiri tu. Siku zote najikaza, lakini leo umeruka, macho yakanishinda."

Raihani akalimeza lile neno. Haikuwa rahisi.

"Radi huenda unakotazama. Rudi, tazama katikati ya masikio yake. Mimi jifanye sipo."

Jokha akarudi, na Radi akaruka.

Sultani akamwachia binti yake Yakuti, na akampa matandiko ya fedha na banda lenye farasi arubaini, na Tarmusi, kwa amri ya Raihani, akafunguliwa kifungo, akaomba abaki kuwa mwalimu kwa ujira wa tende. Na mwana wa waziri, Shahabu, aliyeposa akakataliwa kwa kukaa juu ya farasi kama gunia la unga, akaja kuzungushwa maduara mpaka akanyooka, akamwoa Raihani, na Jokha ndiye aliyemsuka bibi harusi nywele.

Kwa hiyo, wajukuu zangu, ukimkodolea mwenzio macho, usishangae maisha yako yakikupeleka mlangoni kwake. Na msiniulize kama wivu uliwaisha wale wawili. Haukuwaisha. Waliuacha nje ya uwanja pamoja na viatu vyao, na wakitoka waliuvaa tena.