Lenzi Moja, Watu Watatu

Sogeeni, na mwenye haraka ya kuamua auzuie ulimi wake hadi nimalize.

Karatu, karibu na mbuga, waliishi marafiki watatu. Aikande alikuwa na duka la miwani, na hakuna kioo kilichoweza kumdanganya. Bura aliendesha gari la watalii, na aliwaelewa ndege kuliko sisi tunavyowaelewa majirani zetu. Elihuruma alipiga picha za harusi. Akishika kamera, mkono wake ulitulia tuli.

Walitaka kushinda shindano la picha za wanyama. Walichokosa ni lenzi ndefu.

Dukani Arusha waliona mbili walizozimudu: moja mpya, inang'aa, lakini fupi, nyingine ndefu, kuukuu, imechubuka. Aikande akaimulika ile kuukuu kwa tochi. "Kioo kizima. Kilichokufa ni mota ya kurekebisha ukali wa picha, basi tutazungusha kwa mkono." Akailipia mwenyewe.

"Dada, umenunua bomba la maji!" Bura akamcheka.

Hakujali. Miaka yote aliwatengenezea wengine macho. Sasa alikuwa na lake, na alilipenda.

Asubuhi moja wakiwa mbugani wote watatu, Bura alisikia kwale wakilalama. Akazima injini papo hapo, maana lenzi ndefu hutikiswa hata na mngurumo. "Wamemwona paka," akanong'ona. "Atatokea kwenye kichuguu kile."

Elihuruma hakuhangaika kumtafuta mnyama asiyeonekana. Aliilaza lenzi juu ya kifuko cha maharage dirishani, akazungusha mpaka nyasi za kichuguuni zikaonekana unyasi mmoja mmoja, akabana pumzi. Simbamangu, yule paka mwitu, akaruka, makucha yakimfikia kwale hewani. Elihuruma akabonyeza.

Wakakumbatiana kwa furaha, na katika kukumbatiana huko lenzi ikachomoka kwenye kamera mkononi mwa Elihuruma, ikaangukia jiwe nje ya dirisha. Aikande aliokota vipande akilia, ila hakumlaumu mtu.

Picha ikashinda. Zawadi ilikuwa lenzi mpya, ndefu, moja tu. Kuitumia kwa zamu haikuwezekana: Elihuruma alikuwa anahamia Ruaha kupiga picha za wanyama, na Bura alikuwa amechoka kuwaendesha wenye kamera, naye alitaka kuwa mmoja wao.

"Bila masikio yangu mngepiga picha ya nyasi," alisema Bura.

"Na bila mkono wangu mngepata kivuli kinachokimbia," alisema Elihuruma.

"Na bila bomba langu la maji?" aliuliza Aikande.

Boksi likawekwa juu ya meza ya duka la miwani. Hatimaye Bura akasema, "Dada, wewe ndiye mchaguzi wetu. Chagua, nasi hatutanuna."

Kwa mazoea, Aikande akachukua tochi. Akawatazama wenzake, akalitazama boksi, akakumbuka vile vipande alivyookota. Alikitamani kilichomo kwa moyo wote, na aliwapenda watu hawa kwa moyo huohuo. Akairudisha tochi mezani.

Haya, boksi bado limefungwa na watatu hao wanasubiri. Wewe ungemkabidhi nani, na wale wawili wengine ungewaambia nini?