Nyati Aliyesifiwa

Bwana Shekue, aliyeshika lango la mfereji, alikuja na kamba. "Bi Sikuzani, nyati wako atalima kwangu kwanza. Ukikataa, maji utayasikia kwa jirani."

Bi Sikuzani alitazama jaruba lake la mpunga lililokauka. "Mchukue, baba."

Shekue akamfunga plau. "Twende," alisema. Nyati akalala. "Twende, wewe." Nyati akafumba macho.

"Huyu ni nyati-maji, si maksai," Bi Sikuzani alisema. "Asipogaagaa kwenye tope la kwao, halimi."

Shekue akaguna, akafungua lango. Jaruba la Bi Sikuzani likajaa, nyati akagaagaa mpaka akaridhika.

"Ngoja nimnyooshe viungo," Bi Sikuzani alisema. Akamfunga plau, akamnong'oneza neno, nyati akavuta. Jua lilipoinama, jaruba zima lilikuwa limelimwa na miche imesimama majini.

"Lete sasa," Shekue alisema.

"Huyu hapa, baba. Ukitaka alime, mwambie 'lala'. Ukimwambia 'twende', analala."

"Nani kamfundisha upuuzi huo?"

"Mimi, baba. Tangu masika yaliyopita, ulipoanza kumsifia."