Msichana Aliyekwenda Chuo Kikuu Kusomea Majani

Nyayo za aliyeshiba hazishibishi. Mmeisikia leo asubuhi, shangazi yenu alipomtupia mwenzenu aliyesema atasomea chochote alichosomea jirani mwenye gari. Mkacheka, kisha mkaanza kuulizana imetoka wapi. Si ya kale kama mnavyodhani. Haikuachwa na mababu waliopigana na simba. Imezaliwa hapa hapa Usukumani, katika ukoo mmoja wa wafugaji, na wengi waliokuwapo siku ilipotamkwa bado wanatafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa meno yao wenyewe. Sogeeni, ila mwendelee kupukuchua hayo mahindi, maana masikio hayaizuii mikono kufanya kazi. Ilianza hivi.

Palikuwa na binti aliyeitwa Limi, mtoto wa Jilala. Alikuwa amemaliza kidato cha sita na kufaulu vizuri sana masomo ya sayansi, hata mkuu wa shule akampigia baba yake simu yeye mwenyewe kumpa hongera. Jilala alikuwa mtu mpole, msikilizaji kuliko msemaji, na katika ukoo ule neno lake lilikuwa jepesi kwa sababu zizi halikuwa lake. Ng'ombe wa ukoo walilala zizi moja, la kaka yake mkubwa, Maduhu. Mtoto akitaka kwenda chuo, Maduhu ndiye aliyemtolea ng'ombe wa kumsomesha. Asipotoa, huendi. Utabaki na matokeo yako mazuri, unayasimulia kuku.

Msimdhanie Maduhu mtu mbaya. Alikuwa pande la mtu, mwepesi wa kukasirika na mwepesi zaidi wa kucheka. Hakupata kusoma, lakini aliipenda elimu kuliko wengi waliosoma. Kasoro yake ilikuwa moja tu: katika shahada zote zilizoko duniani, yeye aliijua moja, utawala. Mwanawe wa kwanza, Lugembe, aliisomea zamani, akarudi na kuajiriwa kabla viatu vya mahafali havijashika vumbi, akamjengea baba yake nyumba ya bati na kumfungia taa za jua. Ukoo mzima uliziona zile taa. Tangu siku hiyo kila mtoto aliyefaulu alisindikizwa kwenda kusomea utawala, apende asipende.

Sasa tazameni kilichotokea. Waliomfuata Lugembe walirudi wakakuta viti vimekaliwa, na kimoja amekikalia Lugembe mwenyewe, wala hakuwa na mpango wa kuinuka. Mmoja wao, Seni, kijana mwerevu kabisa, aliishia kuuza vocha za simu senta, pale penye maduka ya kijiji, cheti chake kikiwa kimetundikwa ukutani nyuma yake. Watu wakimwuliza Maduhu habari za Seni, alijibu, "Bahati yake iko njiani." Bahati hiyo nadhani ilikuwa inakuja kwa miguu.

Limi aliyaona yote hayo, akaingiwa na hofu. Hakuogopa kusoma, aliogopa kusoma kwa bidii kisha aje asimame nyuma ya Seni kwenye foleni ile ile. Kwa hiyo, katika miezi ya kungojea nafasi za vyuo, alianza kufuatana na baba yake mnadani, kule ng'ombe wanakouzwa, na kila aliyemwona ana shughuli ya maana alimwamkia kwa heshima na kumwuliza swali moja: "Katika kazi yenu, ni mtu gani mnayemtafuta na hamumpati?"

Mnunuzi wa kiwanda cha nyama akamjibu, "Binti, masika kila mtu ana ng'ombe mnene. Kiangazi nawatafuta kwa tochi. Mtu wa kutupangia malisho ya mwaka mzima, huyo hatalala njaa." Bwana mifugo akamwambia kuwa wa kuchanja na kutibu angalau wapo, lakini mtaalamu wa malisho huagizwa kutoka mbali, na akifika anakuwa ameshahitajika kwingine. Dereva wa ranchi moja kubwa akasema mabosi wake wametangaza nafasi hiyo mpaka wamechoka. Na wazee wa mnadani walilalamika jambo moja wote: zamani majani yakiisha unahama, siku hizi unahamia wapi? Kila upande ni shamba la mtu.

Limi akayaweka maneno hayo pamoja. Akatafuta habari, akakuta kuna shahada ya mambo hayo hayo: malisho, ardhi yake na maji yake. Akajipima na yeye mwenyewe. Biolojia alikuwa anaipenda, kemia ilikuwa imemkubali, na kutembea juani hakukumsumbua hata kidogo. Akaamua. Akamweleza baba yake, naye Jilala akasema, "Mimi nimekuelewa. Sasa kazi ni kumshawishi kaka."

Kikao cha ukoo kikaitwa. Watu wakakaa uani kwa Maduhu, michembe na karanga zikapita, chai ikamiminwa. Maduhu akajikohoza.

"Jambo letu ni fupi," alisema. "Limi ametutoa kimasomaso. Atakwenda kusomea utawala. Haya, chai inapoa."

Limi akapiga magoti mbele yake. "Baba mkubwa, naomba kusema."

"Sema, mwanangu."

"Nashukuru sana kwa kunifikiria. Lakini naomba nisisomee utawala. Naomba nisomee malisho."

"Malisho gani?"

"Malisho ya mifugo, baba mkubwa. Majani."

Maduhu akamtazama, akawatazama waliokaa, akamtazama tena. "Majani!" akanguruma. "Majani hata mbuzi anayajua, na hajakanyaga darasa! Yaani nitoe ng'ombe nikauze, ili wewe ukafundishwe anachokula ng'ombe?"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Mama mmoja alicheka mpaka chai ikamwagikia khanga yake. Limi alihisi uso unawaka na machozi yanamkaribia, na kwa mara ya kwanza akaona waziwazi kwamba anaweza kukosa vyote: majani, utawala, na chuo chenyewe. Baba yake alikuwa anatazama chini. Hakuna mtu pale ambaye angemsemea.

"Lugembe tumemwona ameshiba," Maduhu aliendelea, sasa kwa upole wa mtu aliyekwisha kushinda. "Fuata nyayo zake. Njia imeshafunguliwa."

Limi akabaki pale pale magotini. Palikuwa na jambo moja ambalo kwenye ukoo ule halikutajwa mbele ya Maduhu, na kila mtu alilijua.

"Baba mkubwa, nataka kukuuliza kitu. Nikikosa adabu, nisamehe. Kiangazi kilichopita, ng'ombe wa mzee Nkinga walipopita hapa wakitoka bondeni, wamenona mpaka wanang'aa, sisi tulifanya nini?"

Kicheko kikakatika ghafla. Nyinyi hamjui, ngoja niwaambie: kiangazi hicho Maduhu aliwaona wale ng'ombe wanene wa Nkinga, mfugaji mwenzake, akaswaga ng'ombe wa ukoo mzima kufuata alama za kwato zao, mwendo mrefu, mpaka kwenye bonde walikotoka. Walirudi wamebaki mbavu. Ng'ombe jike aliyempenda kuliko wote alimfia njiani, na Maduhu alimlilia kama mtu.

Jilala aliinua uso kwa hofu. Seni akaacha kutafuna. Maduhu alikaza taya, na kwa muda ilionekana kama atainuka na kikao kiishie hapo. Lakini alikuwa mtu mkweli, na mkweli akiulizwa hujibu.

"Tuliwafuata," alisema.

"Tukakuta nini, baba mkubwa?"

"Vumbi na mavi."

"Kwani wale ng'ombe wa mzee Nkinga walitudanganya?"

"Hapana. Walikuwa wameshiba kweli."

"Sasa majani yalikuwa wapi?"

Maduhu akageuka akamtazama Seni. Akamtazama kwa muda, vile mtu anavyotazama kitu alichokipita kila siku bila kukiona. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na kile kicheko chake kikubwa kikatoka.

"Walikuwa wameshayala!" alipiga paja lake. "Jamani, walikuwa wameshayala! Nyayo za aliyeshiba hazishibishi! Seni, mwanangu, nisamehe, nilikupeleka ukale vumbi."

"Baba mkubwa, vumbi lenyewe nimeshalizoea," Seni akajibu, na safari hii ukoo mzima ukacheka pamoja.

Lakini Maduhu hakuwa mtu wa kushindwa kwa mfano mmoja. Aliinua kidole. "Sawa. Na huko kwenye majani yako, umejuaje kuna kitu? Isije kuwa umetoka kwenye nyayo ukaingia porini."

"Nimewauliza wanaotafuta watu, baba mkubwa, siyo waliokwisha kupata kazi." Akamweleza habari za mnadani, neno kwa neno.

"Yule mnunuzi mwenye kofia nyeupe?" Maduhu alisema. "Aliniambia hayo hayo! Mimi nikadhani anatafuta njia ya kunipunja bei." Akatikisa kichwa, akamgeukia mdogo wake. "Jilala, toa yule dume mwekundu apelekwe mnadani. Na asiyetaka ale michembe yake kimyakimya."

Ndivyo Limi alivyokwenda chuo kikuu. Kijijini walimwita Profesa Majani, na kila likizo walimwuliza kama ameshafika sura ya mbuzi. Yeye alikuwa anazunguka na Maduhu kwenye ngitili ya ukoo, lile eneo la malisho linalofungwa masika ili litumike kiangazi, anamwuliza jani lipi huota kwanza na lipi ng'ombe hulikimbilia, mzee akijibu, Limi anamweleza kwa nini iko hivyo. Mzee alirudi nyumbani amejaa maneno mapya na kuwasumbua wenzake nayo kwenye kilabu cha pombe.

Alipohitimu, ile ranchi ilimwita kazini kabla hajarudisha joho alilokodi. Akafanya kazi, akapandishwa, halmashauri nazo zikawa zinamwomba ushauri. Kwa Maduhu alianzisha mambo yake: ngitili ikagawanywa vipande na kulishwa kwa zamu, mbegu za majani zikapandwa, ya ziada yakakatwa, yakafungwa marobota na kuwekwa ghalani. Watu walipita pale njiani wakishika viuno kwa kucheka. Tangu lini majani yakawekewa ghala?

Kisha ukaja mwaka wa ukame. Vijiji vyote vya karibu, ng'ombe walikuwa wanainuliwa kwa kushikwa mikia. Malori ya wanunuzi yakavipita vyote hivyo bila kusimama, yakaja mpaka kwa Maduhu, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na nyama kwenye mifupa. Waliocheka wakaja na mikokoteni kununua marobota, nao wakaokoa mifugo yao. Na ghala lile lilikuwa linaendeshwa na nani? Na Seni, kwa utawala wake ule ule, ambao sasa ulikuwa umepata kitu cha kutawala. Limi alipotoka kazini kuja kuwaona, Maduhu alimpokea nje kabisa ya kijiji, akamshika mkono mbele ya watu wote, akalia bila kujificha.

Mvua zilipokuja, mzee akachinja. Ngoma zikaletwa, watu wakacheza mpaka ardhi ikatikisika. Katikati ya shamrashamra hiyo jirani mmoja, mzee Sayi, akasimama na kuomba kimya.

"Mimi nimeshaamua!" akatangaza. "Huyu binti yangu amemaliza kidato cha sita. Atasomea majani! Na wadogo zake, majani! Na wajukuu, majani!"

Watu wakapiga vigelegele. Binti wa Sayi peke yake ndiye hakupiga. Alikuwa amekunja uso kama aliyemeza kwinini. Limi akamwona, akataka kusimama, lakini Maduhu alikuwa ameshafika katikati ya uwanja na fimbo yake.

"Sayi, ndugu yangu, kaa kwanza. Umemwuliza mwanao?"

"Nimwulize nini, na Limi tumemwona?"

"Basi nitamwuliza mimi. Binti, wewe moyo wako uko wapi?"

Msichana akapiga magoti. "Kwenye mitambo ya maji, babu. Pampu za visima zinaharibika, tunakaa miezi tunangoja fundi kutoka mjini. Nataka kusomea uhandisi wa maji."

"Na umekwenda kuwauliza wenye visima wanatafuta mtu gani?"

"Bado, babu. Nitaanza kesho."

Maduhu akainua fimbo juu, uso wote unacheka, akamwelekezea Sayi ile ncha, kisha Limi, kisha uwanja mzima.

"Limi naye ameshiba, nyinyi nyote ni mashahidi! Sasa, enyi watu wangu, nyayo za aliyeshiba..."

Uwanja mzima ukaitikia kwa sauti moja, Sayi mwenyewe akiwa wa kwanza, huku ngoma zikidakia:

"Hazishibishi!"