Mtachoka na Wauguzi Wake Watatu

Sogeeni hapa mkekani. Anayetafuna ameze kwanza, anayekwangua sufuria aiache, na wewe unayecheka kabla sijasema kitu, nyamaza. Sikilizeni vizuri, maana mwishoni nitauliza, na sitaki mtu aniambie alikuwa akijikuna.

Hapo zamani, kule milimani Upare, alikuwako mjane aitwaye Bi Nanzia. Alikuwa na shamba la mahindi pembeni mwa msitu, na msitu ulikuwa na nguruwe. Na Bi Nanzia alikuwa na mbwa jike, jina lake Mtachoka. Jina lenyewe hakumpa mbwa, aliwapa majirani waliokuwa wakimsema tangu mumewe afariki. Kila asubuhi alisimama uani akaita, "Mtachokaaa!" Mbwa alikuja, na majirani wakajua wameambiwa.

Nguruwe walimwogopa mbwa huyo kuliko moto. Na mwaka huo mahindi yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa ndevu. Bila Mtachoka hakuna mahindi, na bila mahindi Bi Nanzia angekwenda kuomba unga kwa walewale waliokuwa wakimsema. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi.

Basi Jumatatu Mtachoka akaharisha. Akaharisha nyuma ya jiko, akaharisha mbele ya jiko, akaharisha kwenye njia ya kisimani mpaka watu wakachonga njia nyingine. Bi Nanzia akajishika kichwa, akasimama uani, akapaza sauti:

"Atakayeniponyea mbwa wangu, jike la kwanza atakalozaa ni lake! Nimesema mimi!"

Mnacheka? Jike la uzao wa Mtachoka watu walilitaka kuliko ndama.

Wa kwanza kufika alikuwa wifi yake, Namkunda, dada wa marehemu.

"Wifi, umempa nini huyu?"

"Makande, apate nguvu."

"Nguvu za kuharisha anazo za kutosha! Lete hiyo sufuria." Akaifunika, akaikalia. "Huyu ni mbwa mkubwa, si kitoto kinachonyonya. Kushinda njaa siku moja hakumuui. Maji ndiyo asikose."

Akamwekea maji safi, akamnywesha kidogo kidogo. Sasa, mnajua desturi ya kwetu, mgonjwa haendewi mikono mitupu. Watu hawakujiuliza huyu ni mtu au ni mbwa. Wakaja na maziwa, wakaja na ndizi zilizoungwa kwa samli, mmoja akaja na kichwa kizima cha mbuzi. "Pole, Mtachoka. Pole, mama." Namkunda akapokea kila kitu mlangoni. "Ahsanteni, atakula." Wakishaondoka, anakula yeye. Siku mbili tu mashavu yakamjaa.

Jumanne akampikia mbwa uji mwepesi wa mchele, na kuku wa kuchemsha asiye na ngozi wala chumvi. Akampa vijiko viwili, akangoja, akampa viwili vingine. Mtachoka akatikisa mkia mara moja. Bi Nanzia akalia kwa furaha.

Wa pili alikuwa jirani, Mzee Mrutu. Huyu alikuwa na fimbo, na kila mbwa alipokwenda pembeni, mzee alikuwa nyuma yake. Anainama, anachungulia, anageuza kwa fimbo, halafu anakuja kukaa kwenye kigoda cha mlangoni kutoa habari.

"Ile ya asubuhi ilikuwa kama uji wa ulezi. Hii ya sasa ina mapovu."

"Mzee Mrutu, tunakula!" Namkunda akapiga kelele.

"Kuleni tu. Mimi nawajulisha."

"Nenda kachungulie ya mbuzi zako, mzee usiye na haya!"

Mzee akanuna, akaenda zake. Jumatano asubuhi akapita njiani, akachungulia kwa mazoea, akaona damu. Unadhani alikimbia kusema? Ng'o! Alirudi nyumbani na mnuno wake, akanywa chai, akaongeza kikombe cha pili. Ndipo moyo ukamsuta, akaja akihema.

"Bi Nanzia, njoo uone." Akafunua mdomo wa mbwa. "Juzi fizi zilikuwa nyekundu, leo nyeupe kama ugali. Vuta ngozi ya shingo. Umeona? Imebaki imesimama, hairudi. Mwilini hamna maji. Na kinyesi kina damu. Hapa uji umefika mwisho, mpelekeni kwa daktari wa mifugo."

"Mpe siku moja tu," akasema Namkunda. "Uji wangu haujafanya kazi."

"Uji wako ameutapika, mama. Na maji ameyakataa tangu alfajiri."

Wakabishana pale, huyu juu, huyu juu. Bi Nanzia hakuwasikia. Alisikia nguruwe akikoroma pembeni mwa shamba, akamtazama Mtachoka. Mtachoka akainua sikio moja. Akalishusha.

"Nani atamfikisha bondeni?" Bi Nanzia akauliza. Daktari alikuwa kule sokoni, mwendo wa saa tatu kwa miguu.

Akajitokeza Kangero, shemeji yake, mdogo wake Namkunda. Mtachoka alikwisha kumng'ata mara mbili, tako lilelile.

"Shemeji, lete kanga."

Namkunda akaangua kicheko. "Wewe? Si wewe uliyeshinda juu ya paa kwa kumwogopa?"

"Nimesema lete kanga!"

Akafungiwa mbwa mgongoni kama mtoto, akateremka mlima na koti lake la harusini, Bi Nanzia mbele, Namkunda na Mzee Mrutu nyuma. Ilikuwa siku ya soko. Wanawake wakamlaki njiani: "Baba, hongera! Mtoto kafanana na nani?"

"Na mama yake!" akajibu bila kusimama. Na yule mtoto akaharisha, koti lote, mpaka ndani ya viatu. Hakumtua.

Daktari alikuwa dada mmoja wa buti za mpira. Akauliza, "Amekula nini? Amepewa dawa gani?"

"Uji wangu tu," akasema Namkunda.

Kangero akaanza kulia. "Mafuta ya mbuzi. Jumapili nilimletea kutoka harusini, bakuli zima. Nilitaka anizoee. Alipoanza kuharisha nikaogopa, nikamtilia vidonge vyangu vya tumbo ndani ya ndizi, dada alipokwenda msalani."

Namkunda akavua ndala. Daktari akamzuia. "Kaa, mama. Vidonge vya mtu si vya mbwa, hapo amekosa sana. Lakini asingesema, ningemchoma sindano isiyofaa, tungemzika." Akamtundikia maji ya mshipani, akampa dawa. Akawageukia wote. "Mkiona damu, au anatapika, au anakataa maji, au amelegea, hata moja tu kati ya hayo, msingoje. Mngefika jioni mngeniletea ngozi. Na asingezuiwa kula mwanzoni, msingefika nayo hata hiyo."

Ijumaa Mtachoka akabweka. Jumamosi akamng'ata Kangero, tako la pili. Kijiji kizima kikashangilia: amepona!

Mahindi yakavunwa, magunia yakajaa. Mvua zilizofuata Mtachoka akazaa watoto watano, wanne madume, jike mmoja tu. Na asubuhi hiyo Bi Nanzia akafungua mlango, akawakuta watatu.

"Mimi nilimlinda tumbo," akasema Namkunda. "Bila mimi yale maziwa yangemmaliza Jumatatu."

"Wewe ulitaka kumwongezea uji na damu inatoka!" akasema Mzee Mrutu. "Mimi ndiye niliyeona."

"Ukaona, ukanywa chai vikombe viwili! Mimi nilimbeba, nikasema ukweli mbele ya watu, na koti langu je?"

"Wewe ndiye uliyemwua kwanza, Kangero!" akadakia Namkunda. "Utadai zawadi ya moto ulioutia mwenyewe?"

Bi Nanzia akawatazama mmoja mmoja. Alikwisha kusema hadharani, na neno lake ndilo pekee ambalo majirani hawakuwa wamelisema vibaya. Akamwokota yule jike, akamweka kifuani, akasema, "Bado." Na mbwa akaitwa Bado.

Bi Nanzia alipofariki, shamba lilikwenda kwa binti yake. Sufuria ilikwenda kwa Namkunda, bado ina alama ya makalio yake. Kigoda cha mlangoni alikirithi Mzee Mrutu, na Kangero alirithi ile kanga, imefuliwa mara saba. Bado hakuandikiwa mtu. Alilala mlangoni akiwangoja watu waamue, na mnayemwona amelala hapo miguuni pangu ni wa ukoo wake, naye anangoja.

Haya, mdomo wazi sasa. Aliyekalia sufuria, aliyechungulia, na aliyembeba: je, nani alistahili?