Mkunga na Msitu wa Kitundwi

Palikuwa na sultani, jina lake Zahoro, ambaye alilala akiwa na mji mmoja akaamka ana mji na msitu. Hakuununua. Hakuurithi. Aliutamani tu, na mkubwa akitamani kitu, kazi iliyobaki ni ya mpiga mbiu.

Mbiu ikalia sokoni: kuanzia leo msitu wa Kitundwi ni mali ya Sultani. Kuni zake, majani yake, asali yake, hata kivuli chake. Atakayeingia atachapwa viboko arobaini, kisha ahame mji.

Watu wakatazamana. Tangu mji kuwa mji, msitu ule ulikuwa wa wote. Humo walikata nguzo za nyumba, humo walirina asali, humo ilitoka chemchemi waliyokunywa. Mwaka wa njaa walichimba viazi mwitu humo, na hakuna aliyemwuliza mwenzake, "Wewe nani?" Lakini sasa kulikuwa na tajiri mgeni aliyetaka miti yote ile apasue mbao, naye alimletea Sultani kioo kirefu kuliko mtu. Kwa mara ya kwanza Sultani alijiona mzima, kilemba hadi viatu, akakipenda alichokiona. Akaona msitu ni bei ndogo sana.

Basi, mjini humo aliishi mjane mmoja, Bi Sikudhani, mkunga, mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Siku ya tatu baada ya mbiu alikuwa anamwuguza mzazi, Mwanakheri, mke wa mfinyanzi, aliyejifungua kwa taabu na sasa anaungua homa. Mzazi anataka maji ya moto, maji yanataka kuni, na majani ya kumkandia hayaoti uani.

"Twende tukaombe ruhusa," mfinyanzi akasema.

"Ruhusa ina miguu mizito, mwanangu. Homa inakimbia." Akachukua panga, akaenda.

Alikamatwa akitoka, mzigo kichwani. Askari aliyemkamata alikuwa na uso wa mtu aliyetafuna muhogo mbichi siku tatu.

"Bibi, nakukamata."

"Nikamate. Ila mzigo huu upelekwe kwanza kwa Mwanakheri. Mtu anakufa kule."

Askari akatazama kulia, akatazama kushoto. "Utafika. Lakini, bibi, nichomoe vijiti viwili? Mke wangu hajawasha moto tangu juzi."

"Chomoa vitatu. Wakikuona, tutachapwa pamoja."

Jioni ile wakampeleka barazani. Mlangoni askari akamnong'oneza, "Mzigo umefika, bibi. Maji yalikuwa yanachemka." Moyo ukamtulia. Lakini viboko arobaini kwa mifupa ya miaka sabini si adabu, ni mazishi.

Sultani alikuwa ameketi mbele ya kioo. Alisema na bibi huku akijitazama mwenyewe.

"Wewe ndiye mwizi wa msitu wangu?"

"Mimi ndiye niliyekata kuni, maulana. Mwizi bado tunamtafuta."

Baraza zima likashikwa na kikohozi.

"Msitu ni wangu!"

"Uliupanda lini?"

"Sikuupanda."

"Marehemu baba yako?"

"Hakuupanda mtu, ajuza! Uliota wenyewe."

"Uliota wenyewe, lakini haukujilinda wenyewe. Moto ulipoushika mwaka ule wa kiangazi, mji mzima tulibeba mitungi mpaka shingo zikapinda. Wewe ulikuwa wapi?"

"Maulana alikuwa amepumzika," waziri akadakia.

"Nilidhani hivyo."

Sultani akapiga mguu sakafuni. "Sikiliza! Kila kitokacho katika msitu ule ni changu. Kila kitu!"

"Alhamdulillahi. Nyani waliomaliza mahindi yetu, kumbe ni wako. Na yule chui aliyekula mbuzi wa kadhi."

Kadhi, aliyekuwa anasinzia, akafumbua macho yote mawili. "Chui wa nani?"

"Chui si wangu!" Sultani akasema haraka. "Yangu ni miti."

"Miti tu? Basi nikukumbushe mti mmoja. Mwaka wa maharamia, mji ulipokimbilia msituni, mama yako alikuzaa chini ya mvule. Mikono hii ndiyo iliyokupokea. Nguo hatukuwa nazo, nikakufunika majani. Siku ile msitu ungekuwa na bwana, maulana, ungezaliwa njiani, tena uchi."

Safari hii hawakukohoa. Walicheka wazi. Sultani akageukia kioo, na kwa mara ya kwanza hakukipenda alichokiona. Waziri akamwinamia, akamnong'oneza sikioni kwa muda mrefu. Sultani akatabasamu.

"Haya, bibi. Tuache hadithi, tushike sheria. Msitu ulikuwa wa watu wote, sivyo?"

"Ndivyo."

"Kitu cha watu wote hakina mwenyewe. Na kisicho na mwenyewe ni cha aliyetangulia kukiokota. Nimekiokota mimi. Kadhi, wasemaje?"

Kadhi alikuwa bado anawaza mbuzi wake. "Maulana akisema ni sheria, basi ni sheria," akasema bila kumtazama mtu.

Mchapa viboko akakunja mikono ya kanzu, akajaribu kiboko chake hewani. Kiboko kikalia.

"Sheria hiyo," bibi akauliza taratibu, "ni ya kila mtu, au yako peke yako?"

"Ya kila mtu! Mimi sipendelei."

"Na wewe, maulana, ni sultani wa nani? Wa matajiri?"

"Sultani wa watu wote!" akanguruma, kifua mbele. "Wote, wakubwa kwa wadogo! Baraza hili ni shahidi."

Bi Sikudhani akajikongoja hadi kitini, akamshika Sultani mkono.

"Basi inuka, maulana, nimekuokota. Twende nyumbani, sina mtu wa kunichotea maji."