Upanga Uliosema Baada ya Kukata

Hapo kale mji wa Zamarudi ulitawaliwa na Sultani Mundhiri bin Kasimu, na mkata vichwa wake aliitwa Farjala bin Sururu, na ndani ya upanga wa Farjala alifungwa jini. Shingo ikishakatwa, jini hunong'ona kama aliyekufa alikuwa na hatia au hakuwa nayo. Kabla ya hapo hasemi, hata abembelezwe vipi.

Sauti ile ilisikiwa na mshika mpini peke yake. Farjala aliurithi upanga kwa baba yake, pamoja na wasia: "Lolote utakalosikia, mwanangu, waambie alikuwa na hatia. Sultani hakosei." Basi akawa akitangaza hivyo, na watu wakarudi makwao wameridhika, na yeye akarudi kwake asiweze kula.

Siku moja akaletwa Salha binti Idarusi, mjane aliyeshtakiwa kumtilia mumewe sumu. Desturi ya mji ilikuwa mkata vichwa anywe maji katika kiganja cha mhukumiwa, iwe ndiyo radhi. Salha akamnywesha, akasema, "Nimekusamehe, baba. Ukishaniua, mwambie mama utakachosikia. Nakuomba hilo tu."

Farjala akayanywa, lakini hakumkata. Akautua upanga miguuni pa Sultani, akapiga magoti.

"Ewe Maulana, nimekata watu arobaini, na kwa kumi na mmoja niliambiwa hawakuwa na hatia, nami nikakuongopea. Mmoja wao alikuwa Sayyid Hilali."

Hilali alikuwa ndugu yake Sultani, tumbo moja.

"Alisema nini kabla ya kufa?" akauliza Sultani.

"Alikuita wewe, Maulana."

Sultani akalia mpaka kilemba kikamlegea, na mawaziri wakingoja amri ya kumkata Farjala. Kisha akasema, "Tangu leo hakatwi mtu katika mji wangu, hata huyu. Mwenye hukumu ya kufa atafungwa maisha, ili tukikosea tuwe na mtu wa kumwomba radhi."

Wakafungwa ngomeni, Salha chumba hiki na Farjala cha pili, na upanga ukatundikwa ukutani mbele ya Farjala, kimya. Mwaka wa saba shemeji yake Salha, akiwa mahututi, akaungama kwamba sumu aliitia yeye. Sultani akaja kwa miguu yake, akafungua mlango, akaomba radhi, akampa nyumba na mali. Salha akatoka na mvi, na mama yake amekwisha kufa. Baadaye akaolewa na sonara mpole, na katika arusi ile hapakupigwa ngoma.

Kila Ijumaa asubuhi alirudi ngomeni, akapenyeza kiganja chenye maji kati ya vyuma, na Farjala akanywa, kisha akawataja wale kumi na mmoja kwa majina, mmoja mmoja, mpaka alipokufa humo mzee.

Hayo ndiyo yaliyotufikia juu ya Zamarudi. Salha alifunguliwa mlango, na wale kumi na mmoja hawana mlango wa kufunguliwa. Aliyepewa kuhukumu watu na alikumbuke hilo kabla hajasema neno.